Shangazi, Moppa, Mama: Familia za waliobadili jinsia kwenye tamthilia za televisheni

Mwaka 2007, katika tamthilia ya Uingereza iitwayo Coronation Street, Hayley Cropper anagundua kwamba ana mtoto. Kijana anaitwa Christian, keshakuwa mtu mzima, na mimba yake iliingia zamani, kabla Hayley hajaanza kuishi kama mwanamke. Kwa hesabu ya damu, Hayley ndiye baba. Anapoonana na mwanawe ujasiri unamwishia, anajitambulisha kuwa ni shangazi yake. Kwa muda mambo yanakwenda. Siku anapomwambia ukweli, mwanawe anampiga.

Kiingereza kina neno moja tu linalobeba shangazi, mama mdogo na mke wa mjomba kwa pamoja. Kiswahili kinabana zaidi. Shangazi ni dada wa baba, na jamii nyingi za Kibantu humhesabu kuwa baba wa kike: anashiriki kumwoza binti, ana kauli katika ukoo, na heshima yake haitofautiani sana na ya baba mwenyewe. Kwa hiyo uongo wa Hayley, ukiuweka kwa lugha yetu, unasogea karibu sana na ukweli. Sidhani waandishi wake walilifikiria hilo. Mimi limenikaa moyoni, kwa sababu linagusa kile ninachokitafuta kila nikitazama hadithi za aina hii: mtu huyu nyumbani anaitwa nani, na nani kakubali kumwita hivyo? Ukishika uzi huo utaona kwa nini tamthilia fulani inamtendea haki mhusika wake na nyingine inamtumia tu.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno. Ninaposema waliobadili jinsia, nina maana ya watu ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa hailingani na ile wanayojijua kuwa nayo. Neno hili lina kasoro. Linafanya ionekane kana kwamba mtu aliingia hospitali asubuhi akatoka jioni akiwa mwingine, ilhali wengi hawajafanyiwa upasuaji wowote, na wengi watakwambia hawakubadili kitu, waliacha tu kujificha. Nalitumia kwa kuwa ndilo linaloeleweka. Huntha ni habari nyingine: huyo amezaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande wa kike au wa kiume, na Kenya ilipowahesabu kwa mara ya kwanza kwenye sensa ya 2019 ilipata watu 1,524. Tamthilia hupenda kuwachanganya. Shakti ya India, iliyorushwa na Colors tangu 2016 hadi 2021, inamhusu Soumya, msichana ambaye mama yake anamficha ukweli wa maumbile yake mpaka anaolewa bila yeye mwenyewe kuujua. Watazamaji wengi waliichukua kama hadithi ya kubadili jinsia. Soumya hakubadili chochote. Alifichwa.

Kufichwa ndiko kunakotufikisha kwenye injini ya mambo haya yote. Tamthilia ndefu huendeshwa na siri. Mwandishi anayetakiwa kutoa kipindi kila siku ya kazi, mwaka hadi mwaka, anahitaji mambo ya kufichuka: mtoto ni wa nani, wosia uko wapi, marehemu kweli kafa? Mhusika aliyebadili jinsia akiingizwa kwenye mtambo huo, maisha yake ya nyuma hugeuzwa siri nyingine ya kufichuliwa Ijumaa ili watu warudi Jumatatu.

Mfano ambao wengi wetu tunaweza kuufuata ni The Bold and the Beautiful, iliyoonyeshwa Kenya kwa miaka mingi na kuzoeleka sebuleni kama mgeni wa kila siku. Machi 2015 watazamaji waligundua kwamba Maya Avant, mwanamitindo wa kampuni ya mitindo ya Forrester ambaye walikuwa wakimfuatilia tangu 2013, alibadili jinsia. Aliyelileta jambo hilo ni Nicole, mdogo wake, aliyekuja mjini kumtafuta. Baadaye wanafika wazazi, Julius na Vivienne, na Julius ni baba ambaye hataki kabisa kulikubali jambo hilo. Mshtuko wa ufichuzi ulikuwa wa kawaida kwa tamthilia za mchana. Kilichofuata ndicho kilichonivutia. Maya hakufukuzwa kwenye hadithi baada ya siri kutoka. Agosti mwaka huohuo aliolewa na Rick Forrester, na Nicole, yuleyule aliyekuja na siri mkononi, akakubali kuwabebea mimba dada yake na shemeji. Mtoto Lizzy alipozaliwa, Maya akawa mama. Unaweza kusema ni mambo ya kutungwa, na kweli ni ya kutungwa, lakini angalia jinsi undugu ulivyosogea: mdogo mtu alianza kama tishio, akamalizia kumpa mkubwa wake jina ambalo baba yao alikuwa akimnyima.

Kuna jambo la pili la kutazama, nalo ni kamera imesimama upande wa nani. Kwa miongo mingi ilisimama upande wa aliyeshtuka. Mhusika aliyebadili jinsia aliletwa kwa kipindi kimoja, akashangaza, akaonewa huruma au akauawa, na hadithi ikarudi kwa wenyewe. GLAAD, shirika la Marekani linalofuatilia sura za watu hawa kwenye vyombo vya habari, lilipitia vipindi 102 vya televisheni ya huko vilivyorushwa katika miaka kumi hadi 2012. Zaidi ya nusu ya sura hizo zilionekana mbaya. Katika asilimia 40 mhusika alikuwa mtu wa kudhulumiwa au kuuawa, na katika asilimia 21 alikuwa muuaji au mtu mbaya. Kazi aliyopewa mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya kuuza mwili. Takwimu hizo zinasema jingine pia bila kulitaja: maiti, muuaji na mtu wa barabarani huwa hawaonyeshwi wakiwa na mama, wala dada, wala mtoto anayewasubiri kula. Kumwondolea mtu familia ndiyo njia ya haraka ya kumfanya awe ajabu.

Ndiyo maana Sophia Burset aliposhuka mwaka 2013 kwenye tamthilia ya Marekani Orange Is the New Black alikuwa mpya. Sophia yuko gerezani, anasuka nywele za wafungwa wenzake, ana ulimi. Zamani alikuwa zimamoto, na aliiba taarifa za kadi za benki za watu ili apate fedha za matibabu ya kubadili mwili wake. Kipindi cha tatu kinaturudisha nyumbani kwake. Sophia anajaribu nguo mbele ya mkewe, Crystal, nguo ya kubana, fupi, ya binti wa miaka kumi na sita. Crystal anamwambia haifai, kisha anamtafutia nyingine inayomkaa mwanamke wa rika lake. Tazama mikono ya huyo mke. Anamvalisha mume aliyemwoa ili awe mwanamke, huku akijua kwamba kwa kila kifungo anachofunga anampoteza mtu aliyelala naye miaka yote. Hasemi kwa hotuba. Anarekebisha kitambaa begani.

Mtoto wao Michael ndiye aliyewapasha polisi habari za wizi huo. Kwa mtoto mwenye hasira, ambaye baba yake ametoweka bila kufa, hilo linaeleweka, na tamthilia haimgeuzi kuwa shetani kwa ajili hiyo. Crystal naye anaendelea na maisha, anampata mchungaji wa kumliwaza. Lakini Sophia anapopigwa na wafungwa wenzake na kutupwa kwenye chumba cha peke yake kwa kisingizio cha kumlinda, Crystal ndiye anayehangaika kumtoa, mpaka anamfuata mkubwa wa gereza nyumbani kwake. Ndoa imekwisha, ila hakubali kuacha kuwa mtu wa Sophia. Mahusiano ya namna hii tunayajua sana. Nani hana mtalaka wa ukoo ambaye kwenye msiba ndiye anayesimamia sufuria? Tamthilia ilipomwacha Crystal awe hivyo, amechoka, ana hasira, bado yupo, ilimpa Sophia uzito ambao mauaji na siri havijawahi kumpa mhusika yeyote.

Aliyemwigiza Sophia ni Laverne Cox, mwanamke aliyebadili jinsia, na mwaka 2014 akawa wa kwanza wa aina yake anayejulikana wazi kuteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya uigizaji. Kwenye picha za nyuma, Sophia alipokuwa bado anaishi kama mwanamume, aliigizwa na pacha wake Laverne, mwanamuziki M. Lamar. Ufumbuzi huo wa kiufundi ulihitaji familia halisi.

Swali la nani aigize limezua mabishano makubwa, na mimi nina upande. Mwanamume akimwigiza mwanamke aliyebadili jinsia, kisha akapanda jukwaani kupokea tuzo na suti yake na ndevu zake, mtazamaji anajifunza bila kuambiwa kwamba chini ya gauni kulikuwa na mwanamume muda wote. Transparent ya mwaka 2014 ndiyo inayoonyesha ugumu wake, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri na iliandikwa kwa uchungu wa kweli: mwanzilishi wake alichota kwenye maisha ya mzazi wake mwenyewe. Jeffrey Tambor, mwanamume, alimwigiza Maura, mzazi anayeamua uzeeni kuishi kama mwanamke, na akapata Emmy mbili, ya 2015 na ya 2016. Alipopokea ya pili alisema hadharani kuwa angefurahi kuwa mwanamume wa mwisho wa aina yake kupewa nafasi kama hiyo. Baadaye aliondolewa kufuatia tuhuma za unyanyasaji alizozikanusha, na kazi ikafungwa 2019 kwa Maura kufa bila kuonekana.

Hata hivyo siwezi kuiacha Transparent bila kusimama kwenye meza yake. Mzazi anawaita watoto wake watatu, Sarah, Josh na Ali, waje kula. Anataka kuwaambia. Wao wameshajipa jibu kwamba ana saratani. Wanakula mbavu za nyama, mchuzi umewajaa mikononi na midomoni, wanakatizana maneno, na yule mzee anawatazama, anameza alichotaka kusema, anaishia kuzungumzia nyumba. Ukweli unatoka kwa ajali baadaye kidogo: Maura anaingia chumbani na nguo za kike na kumkuta Sarah, mke wa mtu, anabusiana na mwanamke mwingine. Wote wawili wamekamatwa. Hapo tamthilia imevunja desturi ya mtu mmoja mwenye siri katikati ya familia safi. Hakuna safi humo ndani.

Watoto wake wakabaki na tatizo la jina. Ali akaunganisha mama na baba kwa Kiingereza akapata Moppa. Ni neno la kitoto, na linafaa kwa sababu hiyohiyo, maana watoto ndio wenye haki ya kuwapa wazazi majina.

Hapa naomba nikae kidogo na Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu inalifanya jambo hili lionekane tofauti. Vita vingi kwenye tamthilia hizi hupiganwa juu ya vijineno viwili vya Kiingereza, kimoja cha kike na kingine cha kiume. Mzazi akikosea kimoja, chumba kinaganda. Sisi hatuna vita hivyo. Yeye ni yeye. Amekuja, amelala, nampenda: hakuna anayejua umemsema mwanamume au mwanamke. Mwanangu, mjukuu wangu, mpwa wangu, mwenzangu, shemeji, wifi wa nani? Ukifika hapo kwa wifi ndipo lugha inakudai jibu. Kiswahili kimeacha vijineno wazi kikaweka jinsia kwenye undugu: kaka, dada, mjomba, shangazi, bibi, babu. Na kina mtego mkubwa zaidi, kwamba mzazi huitwa kwa mtoto. Mtu akishakuwa Baba Asha mtaani, jina lake la kuzaliwa linasahaulika hata na majirani wa ukuta mmoja. Maura wa kwetu angekuwa Baba Sara kwa muuza mkaa, kwa mwalimu, kwa msikiti au kanisa, kwa kila aliyewahi kumsalimia. Kumwita vinginevyo kungehitaji mtaa mzima ukubaliane. Mtafsiri wa tamthilia hizi kwa Kiswahili atapata nusu ya kazi kwa urahisi wa ajabu, na nusu nyingine itamkalisha usiku.

Pose, iliyorushwa 2018 hadi 2021, ilitoka kwenye mtego huo kwa mlango mwingine kabisa. Hadithi inaanzia New York mwaka 1987, kwenye mashindano ya usiku ya mavazi na mapozi ya watu weusi na Walatino. Vijana waliofukuzwa kwao wanaishi kwenye kile wanachokiita nyumba, na kila nyumba ina mama. Blanca ni mama. Anamwokota Damon, mvulana ambaye baba yake kamtoa nje baada ya kujua anapenda wanaume, na kijana anataka kucheza dansi. Blanca anakwenda kwenye chuo cha dansi na kumbana mkuu wake amsikilize mtoto, ingawa muda wa kuomba nafasi umepita. Anazungumza kama mzazi yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu na karo pungufu. Nyumbani ana sheria: shule, mlo wa pamoja, saa ya kurudi. Mama yake mzazi anapofariki, nduguze wa damu hawamtaki msibani. Wanaokuja kusimama naye ni watoto wa nyumba yake.

Nguvu ya Pose ilianzia nyuma ya kamera. Wahusika wakuu watano waliigizwa na waigizaji waliobadili jinsia, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake kwenye tamthilia ya Marekani. Janet Mock aliandika na kuongoza. MJ Rodriguez, aliyekuwa Blanca, mwaka 2021 aliteuliwa kuwania Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike, na Januari 2022 akachukua Golden Globe. Ukiwapa wenyewe kalamu, wanaandika jikoni.

Kwa watoto wadogo hadithi bado ina kigugumizi. Butterfly ya Uingereza, ya 2018, ina sehemu tatu tu, kuhusu mtoto wa Manchester anayekuwa Maxine nyumbani na Max shuleni. Imeigizwa vizuri, machozi yake ni ya kweli, lakini machozi hayo ni ya mama na baba. Wanabishana nani alikosea, kwa ile hofu ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo ambayo kila mzazi anaijua hata asiyejua methali, na mtoto anakaa ngazini anawasikiliza. Linganisha na First Day ya Australia, kazi ya watoto iliyoshinda Emmy ya kimataifa ya vipindi vya watoto mwaka 2021. Hannah ana miaka kumi na miwili na anaanza sekondari. Wazazi wake wameshamkubali kabla hadithi haijaanza, hivyo hawana haja ya kuijaza skrini. Shida ya Hannah ni sare, marafiki, na kuambiwa atumie choo tofauti na wasichana wenzake. Evie Macdonald, aliyemwigiza, naye ni msichana aliyebadili jinsia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli. Ila mwana naye ana wake, na ni kipindi kifupi hiki cha watoto kilichokumbuka kumuuliza.

Turudi kwa Hayley. Aliingia Coronation Street mwaka 1998, akaigizwa na Julie Hesmondhalgh, ambaye hakubadili jinsia, na akakaa miaka kumi na sita. Alipendana na Roy, mwenye mkahawa, mtu mpole anayependa treni. Mwaka 1999 walibarikiwa bila ndoa halali, kwa sababu sheria ya Uingereza ilimhesabu Hayley kuwa mwanamume. Mwaka 2002 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Uingereza inakiuka haki za watu kama yeye, mwaka 2004 Bunge likapitisha sheria ya kutambua jinsia, na mwaka 2010 Roy na Hayley wakaoana kihalali. Watazamaji walisubiri pamoja nao mambo ambayo watu halisi walikuwa wakiyasubiri. Baada ya kupigwa na Christian, hadithi ilimpeleka Msumbiji akajitolee kwa mwaka mzima. Alirudi kwa Roy.

Kisha akaugua saratani ya kongosho. Hofu yake kubwa haikuwa maumivu. Aliogopa kwamba dawa zikimvuruga akili mwishoni atasahau yeye ni nani na kurudi kuwa yule mwanamume wa zamani, kitandani, mbele ya mumewe. Kwa hofu hiyo aliamua kuukatisha uhai wake mwenyewe, jambo ambalo Roy alilipinga kwa moyo wake wote, na kipindi kilirushwa Januari 2014. Mpaka leo sina uhakika kama nakubaliana na uamuzi wa waandishi. Najua tu kwamba hofu ile ilikuwa ya mtu kamili.

Kwetu mhusika wa namna hii bado yuko kwenye vichekesho, mwanamume aliyevaa dera na kupaka rangi ya mdomo ili watu wacheke. Bodi za filamu ni kali, na mwandishi anayetaka kujaribu anajua mlango ulipo na nani amesimama mlangoni. Mambo yenyewe hayasubiri tamthilia: mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliagiza Audrey Mbugua apewe cheti cha mtihani chenye jina lake jipya.

Namalizia jikoni kwa akina Noble. Novemba 2023 Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya safari za angani na za wakati, ilirudi na Donna Noble, mhusika wake wa zamani, ambaye sasa ana binti wa umri wa shule anayeitwa Rose, akiigizwa na Yasmin Finney. Bibi yake, Sylvia, ni mama wa Kiingereza wa kizamani, mkali, mwenye kusema kila kinachomjia. Anamwambia Donna kwamba Rose amependeza, kisha anasita. Hivi inafaa kusema hivyo? Maana zamani, alipokuwa mvulana, hakuwahi kumwambia. Ulimi unamteleza kwenye kijineno cha kiume, anajishika mdomo. Donna anamwambia hata yeye hujikwaa wakati mwingine, na mtoto kweli ni mrembo. Kwa Kiswahili kuteleza kule kusingesikika. Bibi angesema "sikuwahi kumwambia", na neno zima lingepita salama, likamkuta mjukuu wake ghalani akishona midoli yake ya kuuza.